Minyoo Mara Mbili

Katika daftari langu la nyimbo za zamani, wimbo wa kumi na nne ulikaa miaka sita ukiwa na tundu katikati. Uko kwenye santuri nzito nyeusi ambayo baba yangu alipewa ujanani, alipokuwa akiuza kwenye duka la mfanyabiashara mmoja wa asili ya pwani hapa Shinyanga mjini. Karatasi yake ya katikati imefutika. Baba alisimulia kwamba santuri ilikuwa ya baba wa yule mwenye duka, aliyeinunua miaka ya kati ya vita vikuu viwili vya dunia. Kwenye ubeti wa pili, mstari wa tatu, mkwaruzo unameza maneno. Niliyoambulia niliyaandika kwa penseli: "... yamemzidi, minyoo katia mara mbili." Pembeni niliweka alama ya kuuliza. Sijawahi kusikia minyoo ikitajwa kwenye wimbo wa mapenzi.

Mstari huo haukunisumbua mimi peke yangu. Baba alikuwa akiipiga santuri hiyo kila Jumapili jioni, na kila sindano ilipofika hapo alicheka. Alicheka puani tu, akamtazama mama, kisha akaangalia pembeni. Mama amekulia kwenye Kisukuma, na Kiswahili kile cha pwani kilimpita. Kwa kiburi cha ujana hakuuliza. Sasa baba hayupo, na mwaka huu mama aliniambia wazi: "Wewe unayesoma vitabu vyote hivyo, niambie tu kama mzee alikuwa ananicheka mimi. Nikijua, nitanyamaza."

Kwa hiyo redio ya hapa mjini iliponialika kwenye kipindi cha muziki wa zama zile, nilikubali kwa sababu hiyo moja. Mimi ni fundi redio. Nimezoea kuzifungua, si kuongea ndani yake. Alhamisi nilipeleka santuri, wakairekodi, wakanipa dakika moja ya kutangaza. Nilisema wimbo utapigwa Jumamosi saa kumi na mbili na nusu jioni, na kwamba wanaopenda wafike kwangu Kambarage, nyuma ya mashine ya kusaga, tuusikilize pamoja. "Tafadhali," nikamalizia, "kila mtu aje na kalamu."

Jumamosi nilipanga viti ishirini uani, na juu ya kila kiti karatasi niliyoipigia mistari na kuitia namba. Wa kwanza kuingia alikuwa mpangaji wangu, mchimbaji wa dhahabu anayerudi kutoka machimbo ya Segese kila mwisho wa wiki. Alikuwa na furushi la gazeti linalovuja mafuta.

"Fundi, kuku wawili wa kuchoma. Wanatosha?"

"Kalamu je?"

"Si ndiyo hii?"

Nyuma yake wakafuata majirani na vyakula vyao: hotipoti ya wali, ndoo ya maharage, beseni la matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa. Hapo nikaelewa. Sisi Wasukuma ulimi wetu hautenganishi sana r na l, na wangu, pamoja na vitabu vyote, ukiwekwa mbele ya maikrofoni unarudi nyumbani.

"Jamani, nilisema kalamu," nikawaeleza.

"Ndiyo, karamu," wakajibu kwa pamoja.

"Ya kuandikia!"

Mchimbaji alicheka mpaka akawaweka kuku chini. "Ungesema peni, fundi, tungeelewa. Sasa tuandike kwa paja?"

Karatasi zangu zenye namba zikawa za kuwekea matobolwa. Na mama, ambaye nilidhani anapika chakula chetu cha kawaida, akatoka jikoni na chungu kizima cha nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga. Naye alisikiliza redio. Ni lazima niseme kwamba mama ana mazoea yake jikoni: anatia chumvi, anaitwa nje, anarudi anatia tena. Nyumbani tumezoea. Tunakunywa maji.

Wa mwisho kufika alikuwa bibi wa nyumba ya tatu, mwenye sahani ya vitumbua iliyofunikwa kwa kanga. Babu na bibi zake walihamia hapa kutoka pwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karamu mimi sikosi."

Akapakuliwa nsansa, akaonja, akakunja uso. "Shoga, hii umeiunga kwa maji ya bahari?"

"Kula tu," mama akamjibu. "Maji ya kunywa yapo."

Saa ilipofika mtangazaji akautaja wimbo, nikaongeza sauti ya redio. Ua mzima ukanyamaza, hata waliokuwa na mfupa mdomoni. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye ubeti wa pili, mstari wa tatu, nikanyoosha mkono.

"Hapo! Anasema minyoo?"

Bibi nusura apaliwe. "Minyoo! Astaghafirullah. Munyu, mjukuu wangu! Bibi yangu mzaa baba hakujua kuita chumvi jina jingine. Anasema, mahaba yamemzidi, munyu katia mara mbili. Mwanamke anamuwaza mumewe mpaka anasahau kuwa chumvi ameshatia."

Tuligeuka wote kukitazama chungu.

"Basi, mayu," mchimbaji akamwambia mama, akimwita kwa heshima ya Kisukuma, "wimbo huu ni wako."

Mama alishika upawa wake kwa mikono miwili. "Kumbe alikuwa anajua," alisema. "Miaka yote anaila ile mboga, anaimaliza, hasemi neno. Anakwenda kuichekea kwenye santuri." Kisha akamgeukia bibi. "Na wewe unasema maji ya bahari! Ni mahaba hayo, shoga. Leta bakuli."

Penseli pekee uani ilikuwa mfukoni mwangu. Nilifuta minyoo, nikaandika munyu, nikafuta alama ya kuuliza. Mpangaji wangu akapiga simu redioni kuomba wimbo urudiwe, wakaurudia. Safari hii mama aliucheka mstari wa tatu kabla haujafika, puani, akinitazama mimi huku akinijazia nsansa. Nilikula yote. Nilikunywa maji glasi tatu.