Alama ya Ukurasa wa Sitini na Moja

Tangu Yudith Matonya aanze kuitwa daktari, miaka mitatu sasa, hajawahi kuitikia bila kuinamisha macho. Majirani zao kule Chamwino hudhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ni woga mtupu.

Tasnifu yake ilihusu fermioni, chembe za ukoo wa elektroni, ambazo hata mbili hazikubali kukaa mahali pamoja katika hali moja. Aliziweka katika ulimwengu wa kufikirika wenye njia moja tu, mbele na nyuma, pamoja na wakati, maana ulimwengu mwembamba namna hiyo hesabu zake humalizika kwa kalamu. Kisha akauliza: nguvu ya umeme na ile ya mvutano wa uzito zikizisukuma kwa pamoja, inakuwaje? Jibu lake, ukurasa wa sitini na moja, lilipendeza: athari hizo mbili hufutana, hakibaki kitu.

Asubuhi ya kuitetea tasnifu ndipo alipoona kosa. Wanafizikia wengine huupa wakati alama ya kujumlisha, wengine ya kutoa. Zote sawa, mradi usichanganye. Yeye alichanganya: nusu ya hesabu aliinakili kutoka madaftari ya msimamizi wake, Dokta Batholomeo, anayetumia kutoa, nusu akaiandika mwenyewe kwa kujumlisha. Athari hazikufutana, ziliongezana. Miaka sita ya kazi!

Aliingia ukumbini hivyo hivyo. Aliogopa kumwaibisha msimamizi wake, mzee wa watu, aliogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Watahini hawakuuliza. Akanyamaza, wakampigia makofi.

Jana Jenifa, mwanafunzi wake wa uzamili, aligonga mlango wa ofisi, macho yamemvimba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimekuja kuaga. Miezi minne narudia ukurasa wako wa sitini na moja, na kila nikikokotoa hazifutani. Zinaongezana. Sina akili ya kazi hii, mwalimu."

Akaweka mezani barua ya kuacha masomo. Basi lake la Kondoa lilikuwa saa nane.

Yudith aliisoma barua hiyo. Angesema pole tu, na siri ingepanda basi hilo na binti wa watu. Alitamani kusema hivyo, Mungu anajua alivyotamani.

"Keti, Jenifa." Alimrudishia barua. "Hesabu yako ni sahihi. Niliyekosea ni mimi, na nilijua kabla sijaingia ukumbini kuitetea tasnifu."

Jenifa hakuketi. "Miezi minne, mwalimu," alisema.