Jumapili Hazihesabiwi

Baba mkwe wangu, mzee Abeli Sikazwe, alikuwa mwalimu mkuu huko Mbala, Zambia, kwa miaka ishirini na sita, na tangu astaafu hakuna aliyefanikiwa kumshawishi kwamba kweli amestaafu. Alipofika kwangu Katandala, hapa Sumbawanga, kila asubuhi aliwapanga wanangu watatu uani akawaita majina, nao wakaitika "nipo". Kisha akamwita mama yao, Coleta, ambaye ndiye binti yake wa pekee. Siku ya nne akaniita na mimi. Nina miaka arobaini na moja na karakana ya useremala yenye jina langu mlangoni, Teodori, kwa rangi nyekundu. Nikaitika nipo.

Alikuja Januari, miezi mitano baada ya kumzika mkewe. Coleta alimwomba aje akae nasi moja kwa moja, na mzee akakubali. Pale mpakani Kasesya walimgongea muhuri wa siku tisini za matembezi. Mpango ukawa kwamba zikikaribia kwisha atarudi mpakani, atoke, aingie tena kwa muhuri mpya, kisha tumshughulikie kibali cha kuishi. Ulikuwa mpango mzuri na ulihitaji jambo moja tu, yaani mtu wa kuhesabu siku. Mzee akasema hesabu aachiwe yeye.

Mimi na mzee Abeli hatujawahi kugombana, na nalisema mapema kwa sababu nitakayoyasema baadaye hayatanijengea sifa. Kwetu sisi mkwe ni mkwe. Akikaa sebuleni, wewe hukai. Hupiti mbele yake, humkatizi maneno, na ukimsalimia unachuchumaa na kupiga makofi ya taratibu kama walivyofanya baba zetu. Zaidi ya yote, humsahihishi. Mambo haya hayana taabu kwa mkwe anayekuja Jumamosi na kuondoka Jumatatu. Wangu alikaa sebuleni kuanzia taarifa ya habari ya asubuhi mpaka ya usiku. Viti vile nilivitengeneza kwa mikono yangu, mninga mtupu, na sikuvikalia hata mara moja tangu Januari. Nilikula jikoni nikigombea nafasi na kuku. Mpira niliusikiliza nje ya dirisha, nimesimama kwenye baridi na koti langu, na goli likifungwa mzee alizima redio ili awaulize watoto tofauti ya magoli sasa ni ngapi.

Basi, ikaja Kwaresima. Jumatano ya Majivu katekista wetu, Adolfu, alieleza kwa nini tunasema siku arobaini wakati ukihesabu kwenye kalenda hadi Pasaka unapata arobaini na sita. Akasema Jumapili hazimo, kwa kuwa Jumapili ni ya Bwana na haifungwi. Mimi maelezo hayo nimeyasikia tangu kipaimara na hayajawahi kunifanya lolote. Mzee Abeli yalimwingia. Tulipofika nyumbani, majivu yake yangali usoni, akaiangua kalenda ya parokia ukutani akaomba kalamu.

"Coleta," alisema, "hesabu yangu ilikuwa na kosa. Nilikuwa naziingiza na Jumapili."

"Baba, ile pasipoti ni ya serikali."

"Serikali nayo haifanyi kazi Jumapili. Ofisi zinafungwa. Sasa itanihesabiaje siku ambayo yenyewe imelala?"

Akazikata Jumapili zote kwa wino, moja baada ya nyingine, akapata siku kumi na nne za nyongeza. Siku yake ya kwenda mpakani ikahama kutoka kabla ya Jumapili ya Matawi hadi Jumamosi ya baada ya Pasaka. Alifurahi sana kwamba atakula Pasaka na wajukuu bila kukatizwa na safari. Coleta akanifuata jikoni akaniuliza kama hesabu ya baba iko sawa. Nikamjibu kwamba baba yake amefundisha hesabu tangu sisi hatujajua kuhesabu vidole. Wakati ule nilijibu kwa moyo safi, sikujua.

Nilijua wiki ya tatu ya Kwaresima. Dereva mmoja wa lori, Ndalahwa, anayepita Kasesya kila wiki na mizigo, alileta ubao wa ubavuni mwa lori lake nimtengenezee. Nikamsimulia habari ya mkwe wangu na Jumapili zake ili tucheke. Hakucheka.

"Mshikaji, mwambie mzee wako mapema," alisema. "Tisini ni tisini. Pale hata Krismasi inahesabiwa. Akizidisha ni faini, na wakiona kafanya makusudi wanamwandika, harudi tena huku."

Nikachomoa penseli sikioni nikapiga hesabu palepale juu ya ubao wake. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane, tele kabisa. Nilitoka karakana nimeshaamua kumwambia Coleta naye amwambie baba yake, kwa sababu binti anaruhusiwa. Nikafika nyumbani nikakuta ratiba imebandikwa sebuleni, imepigwa mistari kwa rula. Saa za kusali, za kula, za kuoga. Jina langu kwenye kuoga lilikuwa la mwisho, chini ya mtoto wa darasa la kwanza, na pembeni mzee ameandika: asitumie maji mengi.

Nikaenda jikoni nikakaa na kuku wangu. Sikusema kitu siku ile, wala kesho yake. Nilijiambia mkwe hasahihishwi, na kwa kweli heshima ilinifaa sana. Lakini nilijua ninachongoja. Jumamosi ya kuamkia Matawi ilipopita na mzee yuko palepale kwenye kiti, nilihisi furaha ya kijinga kifuani, na nilipopokea Komunyo ya Pasaka sikuthubutu kumtazama Coleta.

Jumamosi baada ya Pasaka nikawasha pikipiki. Mzee alivaa suti ya kahawia na tai, akaikunja kalenda ya parokia akaitia kwenye begi lake pamoja na pasipoti. Kwa kuwa mkwe hamshiki mkwe, begi lile lilikaa katikati yetu, naye akashika keria kwa nyuma. Kila mlima alinikumbusha kubadili gia. Tulipofika Matai nilikuwa nimekumbushwa kiasi kwamba mkono ulikuwa unafanya wenyewe.

Kasesya malori yalikuwa yamepanga foleni, madereva wanapiga soga chini ya maturubai na vijana wa bodaboda wanabadilisha kwacha. Ndani ya ofisi dirishani tulimkuta afande wa kike, kijana, kibandiko kifuani kinasema Stumai. Alimwamkia mzee shikamoo vizuri kabisa, akafungua pasipoti, akatazama muhuri, akatazama kalenda yake ya mezani.

"Mzee, umezidisha siku kumi na nne."

Mzee Abeli akatabasamu kwa upole, tabasamu alilowapa wanangu wakikosea kugawanya. Akakunjua kalenda ya parokia juu ya kaunta na kuanza somo. Alieleza Kwaresima, akaeleza arobaini na arobaini na sita, akaonyesha Jumapili zilizokatwa. Afande alisikiliza mpaka mwisho, hilo lazima nimsifu.

"Mzee wangu, mimi ni Mwislamu wa kule Kirando," alisema. "Ramadhani tunafunga siku zote, Ijumaa nazo zimo."

"Ndiyo maana ninyi mnamaliza ndani ya mwezi mmoja."

Dereva aliyekuwa nyuma yetu akakohoa ili asicheke. Afande akafunga kalenda ya parokia taratibu, akairudisha kwa mwenyewe.

"Pasipoti haina dini, mzee. Faini utalipa, hiyo ipo tu. Ninachotaka kujua ni kama ulikosea au ulifanya makusudi, kwa sababu naandika moja kati ya hayo mawili. Kazi yako ilikuwa nini?"

"Mwalimu mkuu. Hisabati."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na nane, ukijumlisha na ile ya ualimu wa kawaida."

"Mwalimu wa hisabati wa miaka thelathini na nane ameshindwa kuhesabu tisini," alisema afande, na sauti yake haikuwa ile ya shikamoo tena. "Mzee, unanichezea. Hii naandika makusudi, na hutaingia tena."

Hapo tabasamu la mzee likaondoka. Alieleza upya, haraka zaidi, na kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo alivyozidi kuonekana mjanja. Akatoa kalamu akataka kumwandikia mlinganyo. Afande akamwomba aweke kalamu chini.

"Hakuna mtu aliyekwambia kwamba umekosea?" akamuuliza. "Nyumba nzima?"

"Hakuna. Na huyu mkwe wangu ni mtu makini. Angejua, angeniambia."

Alilisema bila kunitazama, kama jambo linalojulikana. Katika miezi yote ile hakuwahi kunisifu, na sifa yake ya kwanza ikawa hiyo. Nilitazama viatu vyangu. Kilichobaki kilikuwa rahisi kabisa, ninyamaze dakika moja zaidi, halafu nirudi peke yangu nikakae sebuleni mwangu.

Mzee akanigeukia, akashusha sauti. "Mwambie Coleta asilie. Nitalala mahali pengine nikifika Mbala, kama nilivyolala kabla ya kuja kwenu. Ile nyumba sijaifungua tangu mama yake afariki, na sikupanga kulala mle peke yangu." Kisha akaanza kutafuta ndani ya begi, na niliona hakuna anachotafuta.

"Afande," nikasema, "mzee hakujua. Mimi ndiye nilijua."

Stumai akanitazama kwa mara ya kwanza. "Tangu lini?"

"Tangu wiki ya tatu ya Kwaresima. Dereva wa lori aliniambia. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane."

"Na hukumwambia?"

"Ni baba mkwe wangu. Kwetu hasahihishwi."

"Hiyo ndiyo sababu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Foleni nzima ilikuwa inasikiliza, hata dereva aliyekohoa.

"Ni nusu yake," nikasema. "Nusu nyingine, nilitaka aondoke."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mzee Abeli alikuwa anatazama ukuta wenye picha za wadudu waharibifu wa mahindi, anazisoma moja moja. Afande akavuta karatasi akaandika, akarudia kwa sauti alichoandika: kosa la kutokujua, mwenyeji amekiri. Akanipa namba ya malipo, nikalipa kwa simu yangu bila kuuliza kwa nini iwe mimi. Akagonga muhuri wa kutoka. Akamwambia mzee avuke upande wa Zambia akagongewe, na akitaka arudi leo leo, ataingizwa kwa siku mpya, ila Jumatatu aende ofisi ya uhamiaji Sumbawanga kuomba kibali.

"Akitaka," nilimsikia mzee akirudia. Akachukua begi lake akatoka.

Nilisimama kwenye kizuizi nikamwona anavuka, suti ya kahawia kati ya malori, hageuki nyuma. Akaingia ofisi ya upande wa pili. Malori matatu yalipita. Manyunyu yakaanza. Mbala si mbali kutoka pale, na bodaboda wa Zambia walikuwa wamejaa tele, kila mmoja anamwita abiria. Nilianza kupanga nitakachomwambia Coleta na sikupata sentensi hata moja. Nilichoshangaa ni kwamba sikuwaza habari ya viti. Niliwaza kesho asubuhi wanangu wamepangana uani na hakuna anayewaita.

Mwishowe alitoka. Alitembea hadi kwenye kizuizi, upande wake, pasipoti mkononi, akasimama pale ncha za viatu zimeelekea kwangu. Hakuvuka.

"Kwa hiyo ulitaka niondoke," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na ukaninyima jibu ukiwa unalijua. Nimewachapa watoto kwa makosa madogo kuliko hilo." Akapangusa maji kwenye pasipoti kwa shati lake. "Coleta ni mwanangu, kwake naweza kuingia wakati wowote. Nakuuliza wewe, mwenye nyumba. Unanikaribisha?"

Nikachuchumaa pale pale kwenye lami iliyolowa, mbele ya madereva na wabadilisha fedha, nikapiga makofi ya taratibu.

"Karibu nyumbani, baba."

"Sema kwa sauti," alisema mwalimu mkuu. "Hujasikika."

Mara ya kwanza nilikuwa nimesema kwa sababu ya aibu. Nikasema tena, kwa sauti, madereva wote wakasikia, na nilipofika katikati ya maneno nikakuta namaanisha.