Kutafuta Mahali pa Koki Nambis

Mwaka wangu wa kwanza Mbulu niliishi kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Nilitoka Tanga, kwenye joto, nikapangiwa ofisi ya maji huku juu, ambako ukungu ulikuja asubuhi hadi dirishani ukakaa hapo mpaka saa nne. Nje ya kioo mji ulikuwa haupo. Zilikuwepo kengele za ng'ombe tu, zikipita.

Nilipewa kazi ya kuandika programu ya kutafuta mahali pa kujenga kituo cha kuchotea maji katika kijiji cha Nambis, mahali ambapo kaya zote zingetembea kidogo iwezekanavyo. Kwenye tambarare ingekuwa rahisi. Nambis ni vilima na mabonde. Kila upande wa kilima una mahali panapoonekana pazuri kuliko pote, mpaka uvuke upande wa pili.

Programu ilikuwa na namba moja niliyoweza kuipandisha au kuishusha: izurure kiasi gani kabla ya kutulia. Nilipoishusha, ilikwenda karibu na barabara ikang'ang'ania hapo, ikisogea kidogo huku, kidogo kule, ikinoa jibu lake kwa desimali ambazo mbeba ndoo asingezihisi kamwe. Nilipoipandisha, nukta zake zilitawanyika ramani nzima, nyingine hadi kwenye mteremko wa kuelekea Yaeda Chini, wala hazikutulia popote. Nilizitazama mchana kutwa. Zilikuwa nzuri, chai yangu ikapoa bila kuguswa.

"Bado inatafuta?" aliuliza fundi mwenzangu, dada mzaliwa wa kijiji cha Daudi, hukohuko Mbulu.

"Inazurura tu, dada."

"Iache izurure. Ikichoka, ibane."

Alikuwa anatania, lakini nilijaribu. Niliifanya ianze kwa kuzurura mbali, kisha ile namba ishuke yenyewe polepole. Nikairudia kutoka kila pembe ya ramani, na karibu kila mara iliishia nyuma ya kilima kimoja ambacho hatukuwahi kukifikiria.

Mimi na yule dada tukaenda kwa pikipiki mpaka njia ilipoisha, kisha kwa miguu, ndani ya ukungu. Simu ilitufikisha katikati ya bustani ya vitunguu swaumu. Bibi mmoja aliinuka na jembe lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmepotea?"

"Hapana, bibi," nikamjibu. "Kompyuta imesema maji yawekwe hapo uliposimama."

Alicheka mpaka akaegemea mpini. "Na vitunguu vyangu viende wapi?" Akatuonyesha kipande cha nyasi juu kidogo. "Pale hapalimwi."

Nilifungua kompyuta juu ya jiwe nikapima pale pa nyasi. Tofauti ya mwendo ilikuwa ndogo hata nikaona aibu kuitamka. Niliifunga kompyuta nikasikia mabega yangu yamekuwa mepesi.

Koki ilijengwa pale kiangazi kilichofuata, na hadi leo wanachota. Ila ninachokiona nikifumba macho ni siku ile yenyewe. Tulikaa kwenye nyasi tukila viazi alivyotuchemshia, na ukungu ukaanza kufunguka. Paa moja la bati, kisha jingine, kisha moshi wa jikoni, mpaka bonde zima likajaa watu. Kaya zile zote nilizijua kwenye ramani. Sikuwa nimewahi kusikia watoto wao wakiitana.