Risasi Nene, Risasi Nyembamba na Jogoo wa Bernardo

Risasi moja tu, nyati chini! Moja jamani! Mwezi uleule wa Uhuru, Desemba sitini na moja, watu wanatoka Kang'ata wamevaa nguo zao za sherehe, dume la nyati likatoka kichakani likaziba njia, na babu yangu Mhina akalilaza kwa risasi moja. Nyama ikaliwa, ngoma ikakesha, na bibi yangu Hamisa, ambaye enzi hizo alikuwa binti wa jirani tu, akasema moyoni, huyu ndiye. Bibi anasema hilo ndilo jambo zuri kuliko yote kwenye maisha ya babu, ndiyo maana nimeanza nalo. Mbele huko kuna kulia.

Babu sikumkuta, na picha yake hatuna hata moja. Ninachojua ni kwamba bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kushoto, kwa sababu ya bunduki, na kwamba alikuwa hajui kuimba kabisa lakini anaimba. Haya yote kaniambia Bibi tukipukuchua mahindi, yeye anaongea, mimi simu iko kwenye kapu inarekodi.

Babu alikuwa askari wa bwana nyama. Bwana nyama ndiye aliyekuwa mkubwa wa mambo ya wanyamapori huku kwetu Handeni. Tembo akiingia shambani kwa mtu, nyati akileta ukorofi, anaitwa Mhina. Bunduki aliyopewa ilikuwa ya mia nne na nne, na hiyo namba inataja unene wa risasi. Bibi anasema ilikuwa nene, nzito, ukiishika ni kama umeshika ndizi kisukari ya chuma. Ukiipiga vibaya unalala na bega limevimba.

Sasa siku ile ya nyati, watu wamemzunguka mnyama wanashangilia, sauti ikatoka nyuma:

"Bahati hiyo! Hiyo siyo risasi, hiyo ni nyundo!"

Watu wakageuka. Jamaa mrefu, shati la kaki, kaja na wenzake kutoka kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe. Ndiye Bernardo.

"Mia tatu na tatu," akasema, "ingeingia hapa, ikatokea kule, na nyati hata asijue kama amekufa."

Babu akamwangalia juu mpaka chini. "Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi. Natoka Tabora."

"Ahaa! Mtani! Ndiyo maana. Babu zako walibeba mizigo mpaka wakachoka, sasa wewe hata risasi nzito unaikimbia!"

"Na wewe Mzigua unapiga kitu kinene kwa sababu kulenga huwezi! Bora ungerusha kinu!"

Watu hoi. Na urafiki ukaanzia hapo, juu ya nyati.

Wenzangu mnaonisoma kwenye simu mnaweza msijue utani vizuri, ngoja niseme. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua kitu chako bila kuomba, na huna pa kumshitaki. Na mtu akifa, mtani ndiye mwenye kazi. Anamwigiza marehemu, anaingia kaburini analala, anagoma kutoka mpaka apewe chake, watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Bibi anasema bila mtani msiba haufungwi. Unabaki wazi tu kama mlango.

Bernardo alikuja kama manamba, kukata mkonge kwa mkataba. Mwenye shamba, Mgiriki mmoja, akamwona ana macho makali, akamfanya mbeba bunduki wake wakienda kuwinda. Bunduki ya Mgiriki ilikuwa ya mia tatu na tatu, yaani risasi nyembamba, na Bernardo akaipenda kama mtu anavyopenda timu.

Kwa hiyo wakawa wanabishana. Miaka! Bernardo akija kutoka Korogwe, hata maji hajanywa, ameshaanza.

"Nyembamba inakwenda mbali, inanyooka, haikutoi bega. Umepiga, hujatikisika, ya pili iko tayari."

"Kwa swala, sawa," anasema babu. "Kwa nguruwe wa mahindi, sawa, hata chukua tuzo. Mimi naongelea nyati, yuko ndani ya kichaka, unaona pua tu. Hapo nataka kitu cha kumsimamisha."

"Kwani nyembamba haiui?"

"Inaua. Ila inamuua kesho, mgosi wangu. Mimi namtaka leo."

"Na hiyo nene yako ukikosea?"

"Sikosei."

"Ukikosea je?"

"Nina ya pili mkobani."

"Haya. Siku ukifa, Mzigua, nitaingia kaburini kwako na nyembamba yangu mfukoni, nilale chali. Sitoki mpaka nipewe jogoo. Tena mwekundu!"

"Utapewa mwenye kideri!"

"Nyie wawili," Bibi anaingilia, wakati huo ameshaolewa tayari, "ugali unapoa. Mkiupiga kwa nene au kwa nyembamba shauri yenu."

Halafu ikaja Ujamaa. Mwaka sabini na nne watu waliokuwa wametawanyika huko maporini wakahamia kijiji kimoja, nyumba zimepangwa mistari, shamba la kijiji liko bondeni. Mkonge nao ulikuwa umedorora, kazi hakuna, basi Bernardo akamfuata mtani wake. Akaja na mkewe Grasiana na mtoto wao Gregori, bado ananyonya. Wakapewa kiwanja kinachotazamana na cha babu. Bibi anasema hapo ndipo masikio yake yalipokoma kupumzika, maana mabishano yalikuwa yanaanza asubuhi, mlango kwa mlango, huku watu wanapiga mswaki.

Mwaka uliofuata mahindi ya kijiji yakastawi ajabu. Ila shamba lilikuwa jirani na kijito, na nyati walikuwa wanakunywa pale tangu zamani. Wakaanza kuingia. Hayo mahindi ndiyo chakula cha kijiji kizima, mnaelewa? Babu na Bernardo wakakubaliana kesho yake jua likitoka watafuata nyayo pamoja.

Jioni hiyo wakabishana kuliko siku zote. Bernardo akasema nene ni ya waoga. Babu akasema nyembamba ni sindano ya kushonea nguo. Watu wakajaa uani kusikiliza. Adhana ya magharibi ikaita, babu akaenda kuswali.

Babu alikuwa na desturi yake. Bunduki haikai na risasi ndani ya nyumba, kwa sababu ya watoto. Risasi zote zinakaa kwenye mkoba wa ngozi nyuma ya mlango, isipokuwa moja, hiyo analala nayo chini ya mto. Bernardo aliijua desturi hiyo. Babu akiwa anaswali, yeye akaingia kama anavyoingiaga siku zote, akachota nene zote mkobani, akajaza nyembamba alizobaki nazo tangu kwa Mgiriki. Alitaka asubuhi, mbele ya watu wote, babu afungue mkoba akutane na nyembamba, ambazo bunduki yake haiwezi kuzipiga. Yaani kijiji kicheke mwezi mzima. Huo ni utani halali kabisa, hata leo wazee watakwambia.

Lakini nyati hawakungoja jua.

Alfajiri wanawake waliokuwa wanalinda mahindi wakapiga yowe. Babu akachukua bunduki, akachukua ile risasi ya chini ya mto, akaupapasa mkoba akaona umejaa, akatoka mbio. Hakumwamsha Bernardo. Bibi akabaki mlangoni na baba yangu mgongoni.

Mlio ukaja. Mmoja.

Na kijiji kikalipuka! "Risasi moja! Mhina! Risasi moja!" Kila mtu alikuwa anakumbuka mwaka wa Uhuru. Vigelegele mlango hadi mlango. Bibi naye akapiga. Anasema alipiga kigelegele kirefu mpaka baba akashtuka mgongoni akalia.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Bernardo alitoka ndani shati halijafungwa, mikono miwili imejaa risasi nene, anakimbia kuelekea bondeni anapiga kelele, "Bado! Bado! Bado!"

Na watu wakacheka. Walidhani ni utani wake. Walidhani anabisha tu kwamba risasi moja haitoshi.

Bibi akifika hapa anaacha kupukuchua. Mimi mwenyewe niliposikiliza tena kwenye simu, hapo unasikia kuku tu.

Babu alikuwa amempata nyati begani, sawasawa. Nene ilifanya kazi yake, nyati alikufa. Lakini hakufa pale pale. Alikuja. Babu akaingiza mkono mkobani kuchukua ya pili, akatoa nyembamba. Akaingiza tena, nyembamba. Waliofika walimkuta amelala kwenye mahindi yaliyolala, nyati hatua chache pembeni, na kiganja cha babu kimeishika ile risasi.

Bernardo akapiga magoti. Babu alikuwa bado na pumzi kidogo. Akamwonyesha ile risasi, akatabasamu, waliokuwepo wote wanasema alitabasamu, akasema, "Umenipata, Mnyamwezi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Hakuna aliyemlaumu Bernardo. Wazee walikaa wakasema utani hauna kesi. Bwana nyama alipokuja kuchukua bunduki akaambiwa Mhina kauawa na nyati, na kweli kauawa na nyati. Babu akazikwa siku hiyohiyo alasiri. Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo Bibi alikuwa ndani na wenzake, wamekaa chini. Alikuwa ameshamfunga jogoo mguu, mwekundu, yuko pale mlangoni anangoja. Bibi alikuwa anasikiliza. Anasema hakuwa analia, alikuwa anasikiliza kicheko. Alijua wakicheka huko makaburini, basi Bernardo ameingia kaburini, anamwiga mume wake anavyoimba vibaya, na yeye ataweza kulia.

Kicheko hakikuja.

Baadaye wanaume waliwaambia. Bernardo alisogea mpaka ukingoni. Akavua viatu. Watu wakaanza kutabasamu, wakamfanyia nafasi. Akasimama pale, akasimama, mguu mmoja mbele kama anataka kushuka. Halafu akavaa viatu vyake akarudi nyuma.

Jioni alikuja mlangoni. "Shemeji, nimeshindwa," akasema.

"Mchukue jogoo wako," Bibi akamwambia.

"Sijamfanyia kazi."

Kabla arobaini haijafika, nyumba ya mbele ilikuwa tupu. Mtu mmoja aliwaona Korogwe wanapanda basi, Grasiana kambeba Gregori, Bernardo anatazama chini. Hakuna barua, hakuna salamu, mpaka leo. Bibi alilea watoto peke yake kwenye jembe, baba yangu anasema hajawahi kumsikia akipiga kigelegele tena, hata kwenye harusi zao wenyewe.

Nilimuuliza, "Bibi, ulimsamehe?"

Akanishangaa. "Nimsamehe nini? Mtani hana kosa. Ninachomlalamikia ni kimoja, kaniachia msiba wazi."

Yule jogoo hakuchinjwa. Alizeeka akafa, Bibi akachagua mwekundu mwingine kwenye uzao wake. Na mwingine. Nyumbani kwetu siku zote kuna jogoo mmoja ambaye hauzwi wala haliwi, hata Idi, hata mgeni aje kutoka wapi. Tukiwa wadogo tulidhani Bernardo ni jina la jogoo.

Bibi sasa hivi macho hayaoni vizuri, anasema anataka kulia kabla hajafa. Kwa hiyo kama unamjua Gregori, baba yake Bernardo Mnyamwezi, mama yake Grasiana, aliyeondoka huku akiwa bado anabebwa mgongoni, mwambie hatuna kinyongo. Au kama ana mtoto, au mjukuu, yeyote wa ukoo ule. Aje Handeni, alale pembeni ya kaburi la babu, amtukane, aseme nyembamba ndiyo bora, achukue jogoo wake aende. Yupo, mwekundu, ameshiba.

Naomba mtumie wengine ujumbe huu.