Kilichoijaza Kompyuta Yetu

Mimi si mtu wa subira. Mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla ya siku zangu kwa sababu nilichoka kungoja, na sidhani kama alikuwa akitania. Basi ile asubuhi kompyuta iliponiambia haina nafasi, jambo la kwanza nililofanya ni kuitukana.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, na siku ya pili yake tulikuwa tunapanda boti kwenda Dar es Salaam. Mama alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alitueleza bila ya kuzunguka kwamba lazima utolewe, na kwamba huenda ukaondoka na sauti yake. Mama akajibu, "Alhamdulillahi kwa kila hali," kisha akauliza kama hospitali wanaruhusu mtu kupelekewa uji wa nyumbani. Mimi ndiye niliyetoka nje nikalia kwenye ngazi.

Mama alikuwa mwalimu wa chuo. Wasichana wa Mji Mkongwe walikuwa wakipanda kwetu ghorofani kila baada ya alasiri, wakikaa mkekani na kusoma Kurani mbele yake, na yeye akiwarekebisha kwa sauti ambayo hata muuza samaki aliyepita chini aliipunguzia sauti yake. Nilitaka asome sura moja tu niirikodi. Redio kaseti sikutaka hata kuiona. Baba alipofariki tulibaki na kanda moja yenye maneno yake, tukaipiga mno, mpaka siku moja redio ikaitafuna mbele ya macho yetu. Mama aliuokota ule utepe uliokunjamana akajaribu kuupiga pasi. Sauti ya baba ilikwisha hivyo, na mie niliapa kwamba ya mama haitakwisha hivyo.

Kwa hiyo nilikuwa na mashine, nilikuwa na kipaza sauti kilichokuja nayo, nilikuwa na mama, na nilikuwa na siku moja. Nafasi tu ndiyo sikuwa nayo.

Kompyuta ile niliinunua Mlandege, imeshatumika, kwa ajili ya kazi yangu ya kuchapa: mitihani ya skuli, kadi za harusi, barua za watu waliokuwa wakitafuta kazi. Vitu vya aina hiyo havijazi diski. Nilifuta nyimbo zangu zote za taarabu, na nilizipenda. Nilifuta picha, nikafuta kadi za wateja ambao harusi zao zilikwisha na wengine wameshaachana. Nikalimwaga pipa la taka la kwenye kioo, lile linalowekewa vilivyofutwa. Nafasi ilifunguka kidogo tu, haitoshi hata kusoma ukurasa mmoja. Nikavijumlisha vilivyobaki: havikufika hata robo ya diski. Sasa hiyo nyingine imekwenda wapi? Nikarudia hesabu, jawabu likaja lile lile. Nikainuka nikakunja nguo za safari, nikaziacha katikati, nikarudi kwenye kiti, nikainuka tena kufunga dirisha ambalo halikuwa na ubaya wowote.

Mama akaja kusimama nyuma yangu.

"Mbona unahangaika hivyo?"

"Imejaa, mama."

"Imejaa nini?"

"Ningelijua ningelihangaika?"

Siku nyingine ningelipata jibu langu papo hapo kwa ukali ule. Siku ile alirudi zake jikoni, nami nikadhani ni koo linamuuma.

Saa sita sikuweza tena. Nikavaa buibui nikashuka mbio mpaka Mlandege kwa fundi wangu, bwana wa maneno mengi ambaye kila mashine iliyoharibika kwake ilikuwa na virusi, nikamwomba aje nyumbani saa ile ile. Akaja. Mama akajitanda ushungi wake vizuri, wakaamkiana kwa shikamoo na marahaba, akaenda kukaa nyuma ya pazia. Fundi akabonyeza huku na huku, akatikisa kichwa.

"Dada, hii virusi vishaila. Tuipige fomati, iwe mpya."

"Na vitu vyangu?"

"Vitu vipi? Si ushavifuta mwenyewe?"

Kweli. Nikatazama saa ya ukutani. Nilichokuwa nikikitaka ni nafasi, na fundi alikuwa akinipa nafasi tupu, diski nzima. Nikamwambia, "Ipige."

Pazia likasogea.

"Mwanangu," mama akamwambia fundi, "hiyo fomati ndiyo kufanya nini?"

"Kufuta kila kilichomo, Bi Mkubwa. Hakibaki kitu."

"Hata kile kisichoonekana?"

Fundi akaondoa mkono wake juu ya meza. Mimi nikageuka. Mama alikuwa ameshika pazia, na usoni alikuwa na haya ambayo sikuwahi kuiona kwake, yeye ambaye alikuwa akiwatia haya watu wazima.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Mna vitu vyangu humo."

Fundi alikuwa na adabu zake. Alipoona ni mambo ya nyumbani akaaga, akakataa hata maji. Mama akakaa kwenye kiti changu, akavaa miwani, akaishika mausi kama anavyoshika mtu kitu alichokizoea. Akafungua hapa, akabonyeza pale, na pahali palipokuwa patupu pakatokea folda moja ya rangi hafifu. Alikuwa ameipa jina "Mfuko".

Ufundi ule nilimfundisha mwenyewe. Wakati mmoja tulikuwa na picha za harusi ya jamaa, kina mama wamejipamba na nywele wazi, na kwa vile wateja wangu wengine walikuwa wanaume, nilimwonyesha mama namna ya kuzificha zisije zikaonekana. Picha zile zilishaondoka zamani na jambo lenyewe likanitoka kichwani. Yeye hakulisahau.

Akanieleza, akitazama kioo na si mimi. Tangu koo lilipoanza kumsumbua alikuwa akingoja nitoke, halafu anakaa hapo na kujirikodi. Alitaka kusikia kama bado anasoma sawasawa, kwani alikuwa anaona haya kuwasahihisha watoto wa watu ilhali ulimi wake mwenyewe unateleza. Na kila alipojisikiliza alikuta kosa.

"Sasa ukikuta kosa si ufute, mama!"

"Nifute vipi? Wewe ulinambia ukitaka kufuta kitu, kitie kwenye hilo pipa. Nitie Kurani kwenye pipa la taka? Mie?"

Chumbani kwake ulikuwepo mfuko wa kitambaa umetundikwa juu ya msumari, ambamo tangu utoto wangu zilikuwa zikiwekwa kurasa za misahafu iliyochakaa. Karatasi zile hazitupwi. Mfuko ukijaa huzikwa mahali pasipokanyagwa, au hutiwa baharini. Mama alifanya kwenye kompyuta kile kile alichokifanya chumbani. Alishona mfuko mwingine humo ndani, akautundika pasipofikiwa na mtu, na ukajaa.

Nikafungua rikodi moja. Sauti yake ikatoka kwenye spika, ile safi ya kabla ya uvimbe kukua. Kumbe kidogo tu fundi angeliifuta kwa fomati yake. Hii hapa sauti! Nilichokuwa nikikitafutia nafasi kilikuwa kimeshakaa kwenye nafasi hiyo hiyo.

"Basi tumemaliza," nikasema. "Hatuna haja ya kurikodi tena."

"Hazibaki hizo."

"Mama!"

"Zina makosa. Kesho kutwa niko kaburini, mtoto anasikiliza, anasema mwalimu wangu kasoma hivi, na yeye anasoma hivyo. Hazibaki. Ila kwenye pipa hazendi."

Tuligombana. Nilimwambia maneno ya kwamba anajipendelea yeye na makosa yake na hanifikirii mimi nitakayebaki. Akanijibu kwamba Kurani si mali yake hata anigaie ikiwa mbovu. Nililia kwa hasira. Yeye hakulia, akangoja nimalize, na wakati tukingoja mashine ikaendelea kusema peke yake.

Kusoma kulikuwa kumekwisha. Alipokosea alisema, "Astaghfirullah," kiti kikalia, akaondoka zake bila ya kuizima. Hakuwa hodari wa kuzima. Ikaendelea kurikodi: kijiko kinapiga sufuria, mama anamwita jirani dirishani amuulize kama maji yametoka, anamgombeza paka, anacheka peke yake jambo ambalo mpaka leo silijui. Asubuhi nzima. Nikafungua nyingine, ikawa hivyo hivyo, kisomo kifupi na baada yake nyumba yetu, saa baada ya saa, mpaka nami nimesharudi. Hapo nikafahamu diski imekwenda wapi.

"Na haya je?" nikamuuliza. "Haya nayo yana makosa?"

Akasikiliza. Sauti yake ilikuwa inamtukana mwenye kuuza ndizi mbovu.

"Haya upuuzi tu," akasema. "Utayafanyia nini?"

"N'nayataka."

Akafikiri. Akaniuliza kama hakuna njia ya kufuta isiyopita kwenye pipa. Ipo, nikamwambia, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kitu kinaondoka moja kwa moja. "Hakipiti pipani hata kidogo?" Hakipiti. Akaniambia walipokuwa watoto chuoni wakiandika kwa wino kwenye mbao, na kila wakihifadhi wakiziosha, na maji yake wakiyamwaga penye mti. Hakuna aliyewakataza kuosha. "Basi osha," akasema. "Bismillahi."

Tukakaa jioni ile tukikata, mimi nikiogopa umeme usije ukakatika. Kila kisomo chenye kosa kilifutwa, naye akitamka jina la Mungu kila nilipobonyeza. Kila upuuzi ulibaki. Niliifuta sauti ile safi, na sitasema kwamba nilikubali moyoni. Nilitii tu. Nafasi ilipotosha akasoma sura yake, kwa sauti iliyokwaruza, akasimama kukohoa, akaanza upya mpaka akaimaliza bila ya kuteleza. "Hiyo weka," akasema, akaenda kumalizia nguo nilizoziacha.

Daktari alisema kweli. Tulirudi Unguja na mama mzima, uvimbe umetoka, na sauti imekwenda nao. Alibaki na pumzi tu. Wanafunzi alianza kuwasahihisha kwa kupiga kidole mkekani, wakamzoea. Mimi sikuzoea. Nyumba ilikuwa kimya na ukimya ule ulinifanya nisitulie popote. Yale mafaili sikuthubutu kuyafungua.

Mchana mmoja nilikuwa juu darini naanika nguo. Kutoka chini nikasikia, "Wewe! Hizo shughuli haziishi? Njoo ule, chakula kinapoa!"

"Naam!" nikaitika, nikatupa nguo nikashuka mbio, na nilikuwa nimeshafika katikati ya ngazi ndipo nilipokumbuka.

Mama alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, miwani puani, sahani zangu ziko tayari mezani chini ya kawa. Alikuwa akicheka bila ya sauti, mabega yanamtikisika. Nikasimama pale mlangoni nalia kama mtoto mdogo, siendi mbele wala nyuma. Akaningoja kidogo, akaona nachelewa, akabonyeza tena, nikaitwa mara ya pili.