Jua Jekundu la Mwalimu Mwenzangu

Nilimwonea wivu, wala sitafuti neno la kulainisha. Tulifundisha fizikia shule moja hapa Tukuyu, mimi nikimzidi miaka kumi, yeye kijana wa Lufingo aliyekulia kwenye nyumba za kiwanda cha chai. Wanafunzi walimkimbilia yeye. Hata mkuu wa shule alianza kucheka kabla utani wake haujaisha.

Zilikuwa siku za soko huria, na intaneti ndiyo kwanza imefika Mbeya. Akaenda huko, akarudi na picha nne za jua zilizopigwa kwa urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho: ya buluu, ya kijani, ya njano na nyekundu. Chuo kimoja cha Dar es Salaam kilitafuta walimu wa kusomea mambo ya anga, na kazi ya kuombea nafasi ilikuwa kukadiria joto la korona, ule utando wa gesi unaolizunguka jua. Mimi nilikataa kuomba. Niliogopa kushindwa na mtoto.

Jioni moja akaniwekea karatasi zake mezani.

"Kaka, hebu niangalizie. Kesho naituma."

Alikuwa amepanga joto kwa rangi, nyekundu juu kabisa. Baba yake kiwandani alilijua jani lililoiva kwa kulitazama rangi tu, na mwana naye aliiamini rangi. Lakini maelezo chini ya picha, ambayo aliyaruka, yalisema rangi zimepakwa na kompyuta ili kutofautisha picha. Ilimpasa achukue sehemu ileile ya jua kwenye picha mbili, agawe mng'ao wa moja kwa mng'ao wa nyingine, na uwiano huo ndio ungemwonyesha joto. Ile nyekundu ndiyo ilikuwa ya gesi yenye joto dogo kuliko zote.

Niliyaona yote hayo. Moyoni nikafurahi, furaha mbaya.

"Iko safi," nikasema.

"Ndaga fijo, kaka." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akishukuru.

Majibu yalipokuja, mkuu wa shule aliniita mimi. Nikashangaa, nikafungua bahasha palepale. Chuo kilisikitika kutukataa sisi wawili. Kumbe fomu, ambayo sikuwahi kuiona, ilitaka walimu wawili wa shule moja, na kijana yule aliniandika wa kwanza, kwa heshima ya umri.