Shati la Askari Lililobaki Kwenye Cherehani Yangu

Askari mzima, mchana kweupe, alibaki na singlendi mlangoni kwangu.

Mimi ndiye niliyemvua shati. Sijutii.

Mimi ni bibi wa wajukuu saba na cherehani moja. Nashona sare za kituo cha polisi cha mtaani kwetu.

Siku hizo redio ilitangaza: waliokimbilia nchini bila fomu ya hifadhi warudishwe kwao.

Nilikuwa naye mmoja ndani. Wajukuu walimwita Mashoto, maana hukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Kwao walimchomea nyumba kwa sababu ya dini yake. Mumewe hakutoka.

Kumrudisha ni kumuua.

Fomu tuliifuata ofisini mara nne. Dirishani wakatujibu, "Zimekwisha."

Siku moja gari la polisi likasimama nje. Mkubwa akabaki ndani ya gari, akamtuma askari wake. Namjua huyo. Akipita, humtekea maji jirani yangu mgonjwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimetumwa. Mgeni wako atoke."

Mashoto akaweka mkasi chini taratibu. Nikasimama mbele yake.

"Hilo shati kakushonea nani?"

"Si wewe?"

"Mimi? Ningeshona mimi, kola ingekwenda kombo. Macho yameshachoka. Kashona yeye. Kama yeye hatakiwi nchini, na shati lake halitakiwi. Vua!"

"Bibi, usinitanie."

"Nani anakutania? Vua!"

Majirani walishajaa. Muuza mkaa akapaza sauti, "Afande, na suruali je?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Askari akavua. Akalikunja shati vizuri, akaliweka juu ya cherehani.

"Kaza kifungo, Bibi. Nitalifuata kesho."

Kisha akageukia gari. "Mkubwa, huyu ana fomu!"

Fomu gani tena?

Mkubwa akatazama umati, akatazama singlendi ya askari wake, akawasha gari, wakaondoka.

Nikalishika shati. Vifungo vyote vilikuwa imara.

Mfukoni kukachakacha karatasi.

Fomu ya hifadhi! Ina mhuri, inasubiri jina tu. Mashoto aliijaza huku machozi yakimdondoka, na kabla ofisi haijafungwa tulikuwa tumeirudisha.

Kesho yake nikamuuliza askari, "Ulikuja nayo?"

"Nilikuja nayo, Bibi. Sikujua nitaitoaje, mkubwa ananitazama. Ukaniokoa wewe."

Na mimi nilidhani namkomesha!

Wajukuu zangu, redio bado inatangaza. Sisi bado tunashona. Anayekimbia kifo na apige hodi kwangu.

Na anayekuja kumchukua, aje na shati alilojishonea mwenyewe.